Parachuti ya Kujifungia Mwenyewe: Somo la Yakini na Shaka

Mtu anayeruka kutoka kwenye ndege kwa mara ya kwanza kwa kawaida hafungi parachuti yake. Hufungwa yeye. Huvalishwa mikanda, akabanwa kifuani pa mkufunzi kama mtoto anayebebwa kwa mbele, na kazi yote iliyobaki ni ya mwenye kumbeba. Ndivyo wanavyoruka wageni wengi wanaolipia starehe hiyo juu ya Palm Jumeirah kule Dubai, au juu ya mchanga mweupe wa Diani, kusini ya Mombasa.

Lakini yule anayetaka kuruka peke yake habebwi. Marekani, ambako mchezo huu una watu wengi, chama cha waruka angani hakimpi mtu leseni ya daraja la kwanza, ile ya A, mpaka awe ameruka si chini ya mara 25. Na miongoni mwa mambo anayotakiwa kuyaonyesha ni kwamba anajua kuifunga parachuti yake kubwa kwa mikono yake. Hapo ndipo wanafunzi wengi hushikwa na hofu kuliko ile ya mlangoni mwa ndege. Mlangoni unaogopa urefu wa kwenda chini. Kwenye kufunga, unajiogopa mwenyewe.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini Muislamu anayehangaika na daladala na kodi ya nyumba. Linamhusu, kwa sababu ndani yake mna mas-ala ya fiqh tuliyoyasoma madrasa tukidhani yanaishia kwenye birika la udhu.

Tuanze na pingamizi, maana lipo. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 195, anatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Je, anayeruka kutoka futi 13,000, akaanguka kwa dakika nzima kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa, hajajitia humo? Hesabu za chama hicho cha Marekani kwa mwaka 2023 zilikuwa vifo 10 katika miruko zaidi ya milioni tatu na nusu. Si sifuri, lakini si maangamizi ya wazi kama wengi tunavyodhani. Fatwa tunawaachia wenye elimu. Tunachosema ni kwamba katika jambo la namna hii hukumu haiko kwenye urefu wa kutoka juu. Iko kwenye sababu: je, aliyeruka alizishika sababu za kusalimika, au alizipuuza akasema "tawakkaltu"? Hadithi ya ngamia, aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), kila mmoja wetu anaijua. Mtume (s.a.w.) alimtaka mtu yule amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee.

Basi tuone kamba ya ngamia huyu inafungwaje.

Parachuti ya siku hizi si lile duara tunaloliona kwenye filamu za Vita Kuu ya Pili. Ni bawa la nailoni lenye umbo la mstatili, limegawanyika vyumba vya hewa, mara nyingi saba au tisa, mbele wazi na nyuma pamezibwa, upepo ukiingia linavimba na kuwa gumu. Asili yake ni ubunifu wa Domina Jalbert wa Marekani katika miaka ya 1960. Mrukaji anapotaka kulifungua, huchomoa mfukoni parachuti ndogo sana na kuitupa kwenye upepo. Hiyo ndogo huvuta utepe, utepe huchomoa pini iliyofunga mkoba mgongoni, mfuko wenye bawa ndani yake hunyanyuka, kamba hutoka moja baada ya nyingine kwenye raba bendi zilizozishika, ndipo bawa hutoka na kujaa hewa. Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Hakuna injini wala umeme, ni upepo na mpangilio. Mpangilio ukiwa sawa, upepo unafanya kazi yake. Ukiwa si sawa, upepo ule ule unafanya kazi yake pia.

Kazi ya kufunga huanza mara mrukaji anapotua. Hukusanya kamba mkononi, akabeba kitambaa hadi kwenye banda na kutandaza vitu vyake juu ya zulia. Kwanza huangalia ile parachuti ndogo. Nyingi zimetengenezwa zinywee zenyewe baada ya kufungua bawa, ili zisiwe mzigo nyuma yake. Hivyo kabla ya kufunga ni lazima itegwe upya, kama mtego wa ndege. Utepe una kidirisha kidogo, na rangi ikionekana pale basi imetegwa. Ukisahau, utaitupa angani nayo itaning'inia nyuma yako kama kitambaa cha kufutia jasho, haina nguvu ya kuvuta kitu.

Kisha breki. Kamba mbili za usukani, ya kulia na ya kushoto, huvutwa kiasi na kuzuiwa kwa vishikio vyake ili bawa lifunguke kwa utulivu. Moja ikiachia wakati nyingine imeshika, bawa likifunguka litazunguka kama pia.

Kisha kamba zenyewe. Mwanafunzi huzishika kuanzia kwenye mikanda ya mabegani na kutembea nazo, makundi yakipita katikati ya vidole vyake, mpaka zinapoingia kwenye kitambaa. Anatafuta kamba iliyopita mahali pasipo pake, maana mkoba unaweza kupenya katikati ya kamba wakati wa kubebwa, na kwa macho usione kitu. Kamba huwekwa begani, kitambaa kikining'inia mbele yake. Huhesabu midomo ya vyumba vya hewa na kuibana kwa magoti, kisha hukunja kitambaa kulia na kushoto ili kamba zote zibaki katikati. Kuna kipande cha kitambaa cha mraba chenye pete kwenye pembe zake, wenyewe hukiita slaida, ambacho kamba zote hupita ndani yake. Hicho hupandishwa juu mpaka kikomo. Kazi yake ni kuzuia bawa lisifumke ghafla. Kikisahauliwa chini, bawa hufunguka kwa kishindo cha kuweza kupasua kitambaa na kumjeruhi mtu.

Halafu mkia wa bawa huzungushiwa vyote, kama mtu anavyojifunga shuka, na furushi hulazwa chini litolewe hewa. Hapa ndipo wanafunzi wanapotoka jasho. Nailoni mpya inateleza kama kambale. Unaibana huku, inatokea kule. Unailalia kwa kifua, unaikunja mikunjo mitatu, unajaribu kuitia kwenye mfuko, na inakuwa kama godoro linalolazimishwa kuingia kwenye foronya. Mtu mzoefu humaliza kazi yote kwa dakika kumi au kumi na tano. Mwanafunzi huweza kuchukua saa nzima na zaidi.

Nguzo na sunna

Anayejifunza huangukia katika moja ya maradhi mawili. La kwanza linajulikana, ni uzembe. La pili ni wasiwasi, na hili halisemwi sana. Mwanafunzi anaona mkunjo mmoja umepinda, anafungua. Anafunga tena, anaona upande mmoja umevimba kuliko mwingine, anafungua. Jua linazama hajaruka. Maulamaa wetu wamelionya sana jambo hili katika udhu, kwa yule anayeosha mkono mara kumi na bado haamini kwamba maji yamefika.

Dawa ya wakufunzi inafanana na ya mafakihi: tofautisha nguzo na sunna. Bawa la kisasa linasamehe mengi. Mikunjo isiyopendeza, furushi lililokaa upande, haya kwa kawaida hayalizuii kufunguka. Yasiyosamehewa ni machache na yanahesabika: kamba zisizopotoka na ziwe katikati, slaida juu, breki zimewekwa, parachuti ndogo imetegwa, pini na utepe vimepita njia yake. Aliyezitimiza hizo, mikunjo yake ikawa mibaya, amekosa uzuri. Aliyeacha moja kati ya hizo, hata furushi lake likawa limenyooka kama kanzu ya Idi, hajafunga kitu.

Na ikiwa ametia shaka? Yuko kwenye kupitisha pini kwenye kitanzi, anajiuliza: hivi slaida niliipandisha? Hapa kanuni yetu kwamba yakini haiondolewi na shaka inamhusu moja kwa moja, lakini aitumie kwa upande wake sahihi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mwenye yakini kwamba ana udhu, kisha akatia shaka kama umetenguka, anabaki na udhu wake. Lakini mwenye yakini kwamba ulitenguka, akatia shaka kama alitawadha tena, huyo hana udhu. Parachuti iliyotoka kutua ni kama huyu wa pili. Yakini tuliyo nayo ni kwamba imefunguka, na kila nguzo yake inahesabiwa haijafanywa mpaka ijulikane kwamba imefanywa. Kwa hiyo shaka ya nguzo ina jibu moja tu, nalo ni kufungua na kuanza upya. Ndivyo asemavyo kila mkufunzi, hata asiyewahi kusikia jina la Shafi. Na ndivyo afanyavyo aliyesahau kama ameswali rakaa tatu au nne: hujenga juu ya tatu.

Nani amfungie nani

Sheria ya Marekani ya usafiri wa anga ina kipengele kinachostahili kuzingatiwa. Parachuti kubwa inaweza kufungwa na fundi mwenye leseni, au na yule yule atakayeiruka safari inayofuata, au na mtu asiye na leseni akisimamiwa moja kwa moja na fundi. Yaani ukijifungia mwenyewe, sheria inakuachia pamoja na ugeni wako. Ukitaka kumfungia rafiki yako bila leseni, inataka fundi asimame juu yako. Sisi tunalijua hili kwa njia nyingine: hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah inamdhaminisha anayewatibu watu hali hajulikani kwa utabibu. Roho ya mwenzio hairuhusiwi kuwa uwanja wa kujifunzia. Laiti kanuni hii ingevuka bahari ikawafikia wanaotuwekea nyaya za umeme majumbani!

Jeshi la Marekani limekwenda mbali zaidi. Fundi wake wa parachuti ni lazima naye awe mrukaji, hivyo anajua kwa mwili wake kile anachowafungia wenzake.

Basi je, mtu akishajua kujifungia, hamhitaji fundi? La. Kila mrukaji ana parachuti mbili mgongoni, na ile ya pili, ya akiba, kule Marekani hana ruhusa kuifunga kama si fundi mwenye leseni. Fundi huyo ni lazima awe amefunga si chini ya parachuti 20 za aina anayoombea leseni, chini ya usimamizi, kabla ya kupewa. Akimaliza kuifunga ile ya akiba huweka lakiri yake na kuandika kwenye kadi yake, na ya nailoni hufunguliwa na kufungwa upya kila siku 180 hata kama haijatumika. Humo mkobani mara nyingi mna pia kifaa cha kielektroniki. Kimoja maarufu, Cypres cha Ujerumani, kilichoingia sokoni mwaka 1991, huifungua akiba chenyewe kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa mita 225 hivi kutoka ardhini. Kwa hiyo mrukaji ana jitihada yake katika kubwa, na katika akiba anamfuata mjuzi ambaye huenda hajawahi kumwona, ila ameiona lakiri yake.

Tunapenda sana kumtaja Abbas bin Firnas, yule wa Kurtuba wa karne ya tisa, ambaye al-Maqqari anasimulia kwamba alijivika mbawa akaruka. Tunaliishia hapo, tukajipigia makofi. Masimulizi yanaendelea: aliumia mgongo wakati wa kutua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia, hali ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. Wako wanaofungua parachuti salama leo na kufia pale pale penye kutua, bawa likiwa zima juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo anayejifunza kufunga asidhani amemaliza masomo.

Kwenye viwanja vikubwa wapo watu wanaofunga kwa malipo, na warukaji wenye haraka huwatumia siku nzima. Si vibaya, wengi wao ni hodari kuliko wenye mali. Lakini mwanafunzi hatakiwi kuanzia hapo. Anaanzia kwenye zulia, mara nyingi siku ya mawingu ambayo ndege haziruki, akiwa na mkufunzi aliyekaa pembeni akimwuliza kila hatua kwa nini ameifanya. Saa inapita, mfuko unaingia mkobani, vifuniko vinne vinafungwa na pini inapita kwenye kitanzi. Mkufunzi anaikagua, anatikisa kichwa kuridhika. Kisha anavuta utepe, anaumwaga mzigo wote sakafuni, na kumwambia aanze tena.