Godoro la maji linapohama nyumba

Charles Hall alibuni kitanda cha maji cha kisasa mwaka 1968 akiwa mwanafunzi San Francisco, na hadi leo vitanda hivyo vinauzwa mitumba hapa Marekani. Baadhi yetu tunavinunua bila kujua namna ya kuvihamisha. Nahamisha vyombo vya watu, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa.

Fundi, tuko vijana wanne. Kwa nini tusilibebe na maji yake?

Msithubutu. Godoro la futi tano kwa saba huchukua lita 700 hivi, la futi sita kwa saba karibu 900, na kila lita ni kilo moja. Mkiinua upande huu, maji yote yanakimbilia ule, na plastiki inachanika kwenye maungio.

Shikamoo fundi. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia kwenye umeme, mwanangu. Chini ya godoro kuna hita bapa. Ichomoe ukutani, usiridhike na kuizima tu. Joto lake huchukuliwa na maji. Yakiisha huku hita inawaka, plastiki itayeyuka na nyumba inaweza kushika moto. Niliwahi kuingia kwenye nyumba moja nikakuta mpira wa bustani umeshaanza kumwaga maji ya godoro. Nikapitisha mkono chini ya godoro: hita ya moto. Salamu zilisubiri, nikakimbilia plagi.

Sina pampu. Itakuwaje?

Mpira wa bustani unatosha, mradi mdomo wa kutolea uwe chini kuliko godoro. Fungua kizibo, sukuma hewa yote itoke. Funga mpira kwenye godoro na kwenye bomba, fungulia kidogo hadi mpira ujae, kisha funga bomba. Ukunje mdomo wake kwa mkono, uuchomoe, uupeleke pa chini, uachie. Maji yatajivuta yenyewe kwa saa kadhaa. Chumba kikiwa chini ya ardhi, kodi pampu. Na maji hayo yana dawa ya kuua mwani, kwa hiyo yasiende kwenye mchicha wako.

Maji yameacha kutoka. Si nimemaliza?

Bado, na hapa ndipo magodoro mengi mazuri yanapoharibikia. Lisikilize: ukilibonyeza kwa kiganja, bado linagugumia. Kama ndani hamna kitu ila maji, inua upande ulio mbali na kizibo, ulivingirishe polepole kuelekea kizibo, maji yakisukumwa mbele yako. Lakini lile lisilo na mawimbi lina tabaka za nyuzi ndani, nazo hunywa maji kama sponji. Hilo usiliinue kabisa likiwa na maji, kwa maana nyuzi zitasogea na kujikunja upande mmoja, wala hazirudi. Livute kwa pampu hadi ngozi ya juu ishikane na ya chini, ndipo ulikunje kwa ulegevu.

Nitaliweka gerejini hadi masika?

Gereji isiyo na joto, hapana. Maji yaliyobaki yataganda, na plastiki ikipoa sana hukakamaa na kupasuka mikunjoni. Lipanguse kwa sabuni laini, likauke, ulifunge kwenye shuka safi, uliweke ndani bila mzigo juu yake. Hita izungushie taulo bila kuikunja, na siku ya kujaza usiiwashe mpaka godoro lijae.