Injini ya Dizeli ya Reli ya Myanga, kwa Skeli ya 1 kwa 87

Tangu nianze kuunda kwa mkono injini ya dizeli ya daraja la 87, wasomaji wa Bungoma na Kitale wameniuliza mengi. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

Fundi, kwa nini daraja la 87, ilhali zipo injini zenye nguvu zaidi?

Kwa sababu ndiyo iliyofungua enzi ya dizeli kwenye njia kuu zetu. Kampuni ya English Electric iliziunda katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, Uingereza, na za kwanza zilianza kazi mwaka 1960 chini ya East African Railways. Zilifika 44. Zilipokuja ziliitwa daraja la 90. 87 ni jina la baadaye. Kila moja ilikuwa na nguvu za farasi 1,840, na haikusimama njiani kujaza maji kama injini za mvuke za aina ya Garratt.

Kuna sadfa ninayoipenda: skeli inayotumiwa sana duniani, ile iitwayo HO, ni 1 kwa 87.

Mzee, nimehesabu kwenye picha magurudumu manane kila upande. Mwenzangu anasema dizeli huwa na sita. Nani amekosea?

Macho yako hayakukosea, mwanangu, na hapo umegusa kiini cha injini hii. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, umeme huenda kwenye mota zinazozungusha ekseli. Mota ziko sita. Ekseli mbili zilizobaki, moja kila ncha, hazivuti chochote. Kazi yake ni kubeba uzito.

Kwa nini kubeba tu? Tazama reli iliyo chini yake. Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima, zilikandamiza reli kwa tani 21 kila ekseli, ndiyo maana makao yao yakawa njia ya Mombasa na Nairobi, yenye reli nzito. Huku bara reli zilikuwa nyembamba zaidi. Mhandisi aliyetaka injini moja ipite kote ilimbidi agawe mzigo kwa magurudumu mengi. Ukiunda modeli yenye ekseli sita utakuwa umeifuta sababu hiyo yote, hata mwili wake ukipendeza vipi. Mimi huanza na magurudumu. Spoki ya baiskeli hufaa kwa ekseli, na mkebe wa mafuta ya kupikia hutoa bati la mwili.

Ndugu yangu aliye Leeds amenitumia modeli ya daraja la 40 la Uingereza. Nikiipaka rangi, itafaa?

Ni jamaa wa karibu kweli: English Electric hiyohiyo, na mpangilio uleule wa ekseli nane. Lakini modeli za Waingereza kwa kawaida ni 1 kwa 76, na hukimbia kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Reli yetu ya zamani ni mita moja. Gawa kwa 87, unapata milimita 11.5. Tafuta reli ya milimita 12, inayouzwa kwa wanaounda treni za reli ya mita. Hiyo ya Leeds iweke kabatini kwa heshima, dada.

Rangi ipi?

Chagua mwaka kwanza. East African Railways ilivunjika 1977, kisha Kenya Railways ikachukua upande wetu. Tafuta picha ya mwaka wako, usichanganye herufi za enzi mbili.

Niko Kitale. Nataka meza moja yenye Kitale na Myanga. Niunganishe wapi?

Wengi huchora njia ya moja kwa moja hadi Bungoma. Haipo. Tawi la Kitale, lililofunguliwa 1926, huchepuka Leseru, baada ya Eldoret. Kutoka Leseru njia kuu hupita Turbo, Webuye na Bungoma, ndipo ije Myanga na kuendelea Malaba, Tororo hadi Kampala, ilikofika 1931. Kwa hiyo Leseru lazima iwe mezani, walau kona tu.

Timboroa usijaribu kuiweka mezani. Iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na hata ukigawa kwa 87 utahitaji mlima wa zaidi ya mita 30 kutoka Mombasa yako. Anza Leseru, shuka kuelekea magharibi, na chini ya reli weka mataruma ya bati, kwa maana mengi ya njia hii yalikuwa ya chuma.