Forodha ya Belezoni na Hati za Wafalme

Mwaka huu nimeamua kuacha hadithi na mashairi, niandike somo la historia. Najua wengine mtasema, "Historia tena? Si tumeitoroka darasani!" Subirini kidogo. Historia hii ni ya mto huu tunaochotea maji, tena ndani yake mna somo la Kiswahili.

Tukisoma juu ya Mkataba wa Heligoland huwa tunakariri tu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ikampa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, Mjerumani akaiacha Witu, basi. Tunaandika, tunapata alama, yanaisha. Lakini hiyo Witu iko wapi? Mtu akipanda gari hapo Garsen kwenda Lamu anaipita. Na kabla ya mkataba huo kuandikwa Ulaya kulikuwa na ugomvi mkali wa ushuru katika mfereji ulio chini yetu, mashua na mitumbwi ilikopita kwenda baharini. Swali langu ni moja: wakubwa wakigombea maji, huamuliwa kwa nini? Kwa nguvu? Kwa ahadi? Au kwa karatasi?

Nianze na mfereji wenyewe. Zamani mto Tana haukuingia baharini pale Kipini. Ulikuwa na mlango wake kusini zaidi, na huo mlango wa Kipini ulikuwa wa mto mwingine, Ozi. Shida ni kwamba mlango wa Tana ulikuwa na mchanga na mawimbi, vyombo vikapata taabu kuingia. Ozi ulikuwa afadhali, tena kando yake palikuwa na mji wa biashara wa Kau. Basi katika enzi za watawala wa Witu ukachimbwa mfereji kwa mikono, ukaitwa Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi. Mpunga, mahindi na ndizi za Wapokomo vikapata njia ya mkato hadi Kau na Kipini, na kutoka hapo hadi Lamu.

Penye njia ya mkato, mtu hukaa akadai chake. Si ajabu.

Sasa wagombanaji. Wa kwanza ni Sultani wa Witu, Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba. Yeye alikuwa wa ukoo wa Nabahani wa Pate, akahamia bara kumkimbia Sultani wa Unguja. Mwaka 1885 alifanya mapatano na ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na tarehe 27 Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza himaya juu ya Witu. Wa pili ni Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, aliyesema pwani yote ni yake, akalalamika. Meli za kivita za Wajerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake Agosti 1885, akanyamaza. Wa tatu ni kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon, iliyokodisha pwani kutoka kwa Barghash mwaka 1887 na kupata hati ya Malkia Victoria mwaka 1888. Wa nne ni kampuni ya Wajerumani ya Witu.

Mpokomo je? Yeye hayumo katika orodha. Yumo kwenye mtumbwi, analipa.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikwisha kaa Ulaya wakagawana. Walikubali kwamba Sultani wa Unguja ana ukanda wa maili 10 za baharini kutoka ufukweni kwenda bara, kuanzia kusini huko ng'ambo ya Ruvuma hadi Kipini. Hewani yetu ilibaki nje ya ukanda huo. Witu ikapewa pwani kutoka Kipini hadi upande wa kaskazini wa ghuba ya Manda. Na mpaka wa eneo la Waingereza upande wa kaskazini ukawa mto Tana. Hapo ndipo ninapocheka. Mabwana wale walishika ramani wakachora mto kama uzi mmoja, kumbe uzi wenyewe ulikuwa umefungwa na uzi mwingine kwa mfereji. Je, Belezoni ni Tana au ni Ozi? Karatasi haikusema.

Kabla sijafika kwenye forodha hiyo ya Belezoni, lazima nipitie Lamu, kwa sababu kesi ya Lamu ndiyo inayojibu swali langu. Kampuni zote mbili zilitaka kukodisha forodha ya Lamu, yaani haki ya kutoza ushuru wa bandari kwa niaba ya Sultani wa Unguja. Wajerumani walisema, "Sultani alikwisha tuahidi." Waingereza wakasema, "Sisi ndio tulioahidiwa kwanza, tangu siku za Barghash." Barghash alikuwa amefariki Machi 1888, na nduguye Seyyid Khalifa ndiye aliyekalia kiti, katikati ya moto. Mwishowe wakakubaliana kumtafuta msuluhishi. Akachaguliwa Mbelgiji mmoja, Baron Lambermont, ambaye alitoa uamuzi wake mjini Brussels tarehe 17 Agosti 1889.

Lambermont alipima ushahidi wa Wajerumani. Kulikuwa na mazungumzo, kulikuwa na barua za kuendea jambo, lakini mkataba wenyewe uliotiwa sahihi haukuwapo. Akasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hakuna sheria inayolazimisha dola kuandikiana kwa namna fulani, ila desturi ya mataifa haikubali jambo zito kama hilo lifungwe kwa mdomo mtupu. Kwa hiyo Sultani hakuwa amefungwa, na akiwakodishia Waingereza hakuna wa kumzuia kisheria. Siku chache tu baadaye Seyyid Khalifa akatia sahihi, na Lamu ikaenda kwa kampuni ya Waingereza.

Hebu tusimame hapa kama wanachama wa Kiswahili. Sisi tunasema ahadi ni deni. Mzee wa Lamu wa wakati ule angesikia kwamba neno la Sultani si deni mpaka liandikwe, angeshangaa sana. Lakini tazameni lugha yenyewe. Neno "sahihi" kwetu lina maana mbili: jambo lililo kweli, na jina mtu aliloandika chini ya barua. Na "hati" ni mwandiko, kisha ikawa karatasi yenye haki ndani yake. Nadhani maneno haya yanatuonyesha kwamba pwani ilijua thamani ya karatasi tangu zamani, maana wafanyabiashara wa Lamu na Pate waliandikiana kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Lambermont. Aliyekosa karatasi alikuwa mtu wa mtoni.

Mtu anaweza kuuliza, Wazungu hawa waliitoa wapi tabia ya kuabudu karatasi? Nimesoma kidogo juu ya Uingereza ya kale nikaona ni kwa wafalme wao. Tangu mfalme John aliyetawazwa mwaka 1199, makarani wa mfalme walianza kunakili barua na amri zake katika magombo marefu ya ngozi. Barua yenyewe ilikwenda na muhuri wa nta, nakala ikabaki. Magombo hayo yapo hadi leo katika nyaraka za taifa huko Kew, London. Mtu akikana baada ya miaka 50, gombo linakunjuliwa.

Na mengi yalihusu maji. Mwaka 1215 mabwana wakubwa walimlazimisha huyo huyo John kukubali Magna Carta, na kifungu cha 33 kinasema nyuzio zote za kunasia samaki ziondolewe katika mto Thames, mto Medway na Uingereza nzima, isipokuwa ufuoni mwa bahari. Kisa? Zilizuia vyombo kupita. Yeyote hapa Hewani aliyewahi kugonga mtego wa mtu kwa mtumbwi usiku ataelewa haraka kuliko mwalimu yeyote.

Lakini msidhani amri ya mfalme ilitosha. Kulikuwa na umoja wa bandari tano za kusini, Hastings, New Romney, Hythe, Dover na Sandwich, ambazo kila mwaka zilimpa mfalme meli 57 kwa siku 15, nazo zikapewa haki nyingi, pamoja na usimamizi katika soko la samaki huko Yarmouth. Watu wa Yarmouth wakakasirika: wageni watutawalie soko letu? Mfalme Edward wa Kwanza aliwaandikia amri, akawapatanisha, wapi. Mwaka 1297 alivuka bahari na meli za pande zote mbili kwenda kupigana na Wafaransa, na kufika tu Flanders, mabaharia wake wakageukiana wenyewe kwa wenyewe, meli nyingi za Yarmouth zikachomwa. Na mfalme mwenyewe yuko pale! Kwa hiyo karatasi bila nguvu ni karatasi tu, na Waingereza walilijua hilo vizuri walipofika kwetu.

Sasa turudi Belezoni. Simba alifariki mwanzoni mwa 1889, akafuatwa na Fumo Bakari. Huyu akaweka askari wake kwenye mfereji, wakawa wanatoza ushuru mizigo iliyopita. Kwa macho yake alikuwa na haki: mfereji ni wa Witu. Kwa macho ya kampuni ya Waingereza alikuwa anaziba njia ya Tana, na Tana walikwisha andikiwa. Hawakumwita Lambermont mara hii. Mwishoni mwa 1889 walimtaka aondoe watu wake, wakatayarisha nguvu, na mapema 1890 askari wa Witu walikuwa wameondoka. Basi utaona: Lamu, ambako waliokuwa wakigombana ni Wazungu kwa Wazungu, walitafuta msuluhishi. Belezoni, ambako mmoja wao alikuwa Mwafrika, walitumia bunduki. Mimi hilo naliona ni jambo kubwa kuliko tarehe zote tunazokariri.

Baadaye mwaka huo Wajerumani wakamwacha Fumo Bakari kwa saini ya Heligoland, bila yeye kuulizwa. Septemba kundi la Wajerumani likauawa Witu, na Oktoba 1890 jeshi la Waingereza chini ya Admirali Fremantle likauchoma mji. Yanasomwa vitabuni, siyarudii.

Narudia kwa yule aliyekuwa kwenye mtumbwi. Wapokomo walikuwa na sheria zao. Walikuwa na gasa, baraza la wazee, lililoamua mashamba ya nani yaanzie wapi. Walikuwa na ngadzi, ngoma kubwa takatifu ambayo sauti yake ilikuwa kama muhuri wa mfalme kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma hiyo ilichukuliwa na wakoloni, na iko London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Fikirini hayo: magombo ya wafalme wao yako London, na muhuri wetu pia uko London. Katika kesi zote nilizotaja hakuna aliyekuja Hewani, Wema au Ngao kuuliza gasa inasemaje kuhusu mto.

Mambo haya hayakwisha na ukoloni. Kenya na Somalia ziligombania mpaka wa baharini, na Somalia ikapeleka kesi mahakama ya kimataifa huko The Hague mwaka 2014. Kenya ilitegemea matangazo ya marais wake ya 1979 na 2005, ikasema Somalia ilinyamaza kwa hiyo ilikubali. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikasema kunyamaza kule hakukuwa mapatano, ikachora mstari wake yenyewe. Ni kama ndugu wa uamuzi wa Lambermont: huko neno la mdomo halikutosha, huku kimya hakikutosha.

Karibu zaidi ni kesi ya delta yetu. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia miradi mikubwa ya kilimo iliyopangwa katika ardhi wanayolima na kuchungia, na mwaka 2013 mahakama ikaagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe wakazi wakishirikishwa. Safari hii mtu wa mtoni, Mpokomo na Muorma pamoja, jina lake limo katika karatasi ya kesi.

Nao mfereji? Maji ya Tana yaliupenda kuliko njia yao ya zamani. Yaliupanua mwaka baada ya mwaka, na leo Tana wenyewe unapita huko kwenda Kipini. Mlango wa kale umebaki jina.

Chama chetu kimeanza daftari la majina ya mahali kando ya mto: mikono ya mto iliyokauka, vivuko, mashamba ya zamani, na pale wazee wanaposema Belezoni ilianzia. Kila mwanachama akienda likizo amwulize babu au nyanya yake, aandike jina, maana yake, na nani aliyemweleza, kisha mzee akipenda atie sahihi yake au dole gumba. Madaftari yatapokelewa na mwalimu mlezi wiki ya kwanza ya muhula ujao.