NGOMA KWA SIKIO NA NGOZI: HADHIRA ILIYOFUNGWA MACHO

1.0 Utangulizi

Uchambuzi wa ngoma katika fasihi simulizi na sanaa za maonyesho umelielemea mno jicho. Mtafiti huandika mavazi, safu na miondoko. Aliyefika uwanjani huitwa mtazamaji. Makala haya yanajadili zoezi la kuwafunga wanafunzi kitambaa machoni ili waipokee ngoma kwa kusikia na kugusa. Hoja kuu ni kwamba zoezi hilo hudhihirisha upungufu wa istilahi hiyo.

2.0 Ushahidi wa Lugha

Kiswahili chenyewe hakijatenga sikio na ngozi. Kitenzi kusikia hutumika kwa sauti, na vilevile kwa baridi, njaa na harufu. Nomino ngoma hutaja ala, mchezo na shughuli nzima. Neno hadhira, lenye asili ya Kiarabu, linahusu kuhudhuria, wala si kutazama. Kwa hiyo asiyeona ni hadhira kamili, ingawa istilahi mtazamaji inamwacha nje ya uwanja.

3.0 Sauti na Mguso

Sikio la binadamu hupokea mitetemo ipatayo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngozi hupokea ile ya chini, hadi kiasi cha 1,000. Mlio mzito wa ngoma kubwa, kama vile vumi, huangukia katika milango yote miwili ya fahamu. Ndiyo maana husikika kifuani na, penye sakafu ya mbao, nyayoni.

Aidha, baadhi ya ngoma huufanya mwili wa mchezaji kuwa ala. Katika ngoma ya msewe, vifungwavyo miguuni hulia kwa kila kishindo; aliyefungwa macho hutambua safu inapokaribia na mguu uliochelewa. Katika vugo, pembe zinazogongwa na wanawake huenda pamoja nao, hivyo sauti huchora njia yao. Chakacha ni kinyume: mzunguko wa kiuno, ambao ndio kiini chake, hauna mlio wake wenyewe. Tofauti hii haionekani kwa urahisi pale jicho linapotawala.

4.0 Mipaka ya Zoezi

Kufungwa macho si upofu. Mwanafunzi hubaki na kumbukumbu ya alivyowahi kuviona, na hukifungua kitambaa apendapo. Asiyeona tangu utotoni amelizoeza sikio lake kwa miaka mingi. Zoezi la saa moja halimpi mwingine haki ya kumsemea. Kugusa nako kunahitaji idhini ya wachezaji na kuzingatia heshima, hasa katika ngoma za wanawake.

5.0 Hitimisho

Ngoma iliyoandikwa kwa jicho peke yake hurithishwa nusu. Inapendekezwa kwamba maelezo ya utafiti yataje chanzo cha kila sauti, mwelekeo wake na aina ya uwanja. Kwamba hadhira litumike badala ya mtazamaji. Na kwamba wasioona washirikishwe kama wajuzi wa ngoma, si kama mfano wa ukosefu.