Bangi Ndani ya Gari la Kuazima: Haki Zako Busia na Tororo

Polisi wakitoa furushi la bangi chini ya spea ya gari uliloliazima, usidhani kesi imekwisha kwa kuwa ufunguo ulikuwa mkononi mwako. Sheria za adhabu za Kenya na Uganda zinaeleza maana ya kuwa na kitu kwa namna zinazokaribiana sana, na kiini chake ni kujua. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba ulijua kilichomo. Abiria naye hali kadhalika: kuketi ndani ya gari pekee hakutoshi.

Ila mahakama haioni moyo wa mtu, hivyo hupima mazingira. Mzigo ulifichwa au ulikuwa wazi kitini? Ulijaribu kukimbia? Gari ulikabidhiwa saa ngapi, na nani alikuwa nalo kabla yako? Kwa hiyo ujumbe wa simu wa kuomba gari, barua ya mwenyewe na nakala ya logibuku ni silaha zako. Usifute chochote kwenye simu. Fundi aliyelitengeneza juzi anaweza kuwa shahidi.

Soma hati ya mashtaka kwa makini. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inahesabu kuzisafirisha kuwa ulanguzi, kosa zito kuliko kupatikana nazo tu, na gari lenyewe laweza kutaifishwa. Hapo mwenye gari ana mali ya kuokoa, na huenda akakutupia lawama zote, hata kama ni shemeji yako. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wake.

Ukishakamatwa, taja jina lako, mengine yamsubiri wakili. Kunyamaza ni haki yako, na kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa pia. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, siku za mapumziko zikizingatiwa. Uganda, ibara ya 23 inatoa saa 48. Nakusihi usibuni hadithi ya kujinasua: uongo ukigunduliwa utatumiwa kuonyesha kwamba ulijua. Usitie sahihi orodha ya vitu vilivyokamatwa kabla ya kusomewa. Kenya, dawa hutakiwa kupimwa uzito mbele yako au mbele ya wakili wako inapowezekana. Aulize pia mzigo ulipitia mikono ya nani hadi maabara.

Wengi hunaswa na miraa. Nchini Kenya ni zao rasmi, lakini ng'ambo ya mpaka, inakoitwa mairungi, imo ndani ya sheria ya dawa za kulevya. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya dawa hizo ya 2016 kwa sababu ya kukosekana kwa akidi bungeni, kisha Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Anayekuambia Uganda haina tena sheria hiyo anakupoteza.

Usipomudu wakili, ulizia Justice Centres Uganda, mradi wa Mahakama wenye kituo Tororo; upande wa Kenya, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.