Mgeni Jijini: Je, Ni Lazima Simu Ikuonyeshe Njia?

Umewasili Nairobi kwa mara ya kwanza. Umeshuka basi, mzigo uko mkononi na watu wanapita mbio kila upande. Moyo unakudunda. Jambo la kwanza unalofanya ni kutoa simu ili ramani yake ikuonyeshe njia. Je, mgeni hawezi kutembea katika jiji kubwa bila kifaa hiki? Swali hili linahusu afya yako kuliko unavyodhani.

Simu hujuaje mahali ulipo?

Marekani ina setelaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu. Simu hupokea mawimbi kutoka kwa setelaiti nne au zaidi, kisha hupima muda ambao mawimbi hayo yamechukua kufika. Kwa njia hiyo hukadiria mahali uliposimama. Hata hivyo, katikati ya majumba marefu mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu. Ndiyo sababu alama yako kwenye ramani huweza kuruka hadi barabara nyingine. Isitoshe, betri huisha.

Ubongo una ramani yake

Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, mna sehemu mbili ndogo zinazoitwa hipokampasi. Hizi ndizo hutusaidia kukumbuka mambo na kujua tulipo. Mwaka wa 1971, John O'Keefe alieleza kwamba katika ubongo wa panya kuna chembe zinazofanya kazi mnyama huyo anapofika mahali fulani. Mwaka wa 2014 alituzwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser.

Madereva wa teksi jijini London hulazimika kukariri barabara zipatazo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Mwingine wa mwaka wa 2011 ulifuatilia wanafunzi wa kazi hiyo, na waliofaulu ndio ambao sehemu hiyo iliongezeka. Yaani, ubongo wa mtu mzima bado hukua unapofanyishwa kazi.

Kwa upande mwingine, uchunguzi wa madereva 50 uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba waliozoea kuongozwa na kifaa walikuwa dhaifu zaidi katika kukumbuka njia walipoachwa peke yao. Hili halina maana kwamba simu huleta ugonjwa wa kusahau. Lakini misuli usiyoitumia hulegea, na ubongo nao huhitaji mazoezi.

Hatari za barabarani

Anayetembea akiikodolea macho simu haoni gari wala shimo, na hasikii pikipiki inayopanda kando ya barabara. Pia humwonyesha mnyakuzi kwamba yeye ni mgeni na simu iko tayari kuchukuliwa.

Ufanye nini basi?

1. Tazama ramani kabla ya kutoka nyumbani. Kariri majina matatu au manne tu ya barabara utakazopitia, kisha tia simu mfukoni.

2. Chagua alama kubwa zisizohama. Katikati ya Nairobi, jumba la KICC lenye orofa 28 huonekana kutoka mbali. Ukitoka stesheni ya reli na kufuata Moi Avenue, barabara ya Tom Mboya na River Road ziko mkono wako wa kulia, na KICC iko upande wa kushoto.

3. Jua pande za dunia. Asubuhi jua liko mashariki, na jioni liko magharibi, upande wa Uhuru Highway ukiwa katikati ya jiji.

4. Jifunze nambari ya matatu yako na mahali inapopakia abiria. Abiria wa Ngong huuliza 111, wa Buruburu huuliza 58.

5. Uliza. Kuuliza si ujinga. Muulize mwenye duka au bawabu wa jumba, si mtu anayekufuata akitaka kukusaidia bila kuombwa.

6. Wakati wa kurudi, jaribu kuifuata njia bila simu. Ukikwama, itoe ukiwa umesimama ndani ya duka au karibu na ukuta.

Usiitupe simu

Msomaji mpenzi, hatusemi kwamba kifaa hiki ni kibaya. Usiku, au unapokwenda mtaa usioujua kabisa, kitumie. Lakini fikiria siku ambayo mtoto ameshikwa na homa kali usiku wa manane na betri imekwisha. Ukiomba simu ya jirani na kupiga 999 au 112, utaulizwa uko wapi. Kwa hiyo, wiki hii ya kwanza jijini, jua jina la mtaa wako, barabara iliyo karibu, alama ambayo kila mtu anaijua, na njia ya kufika hospitali iliyo karibu nawe. Itembee njia hiyo mara moja mchana, ukiwa mzima.