Plagi Haiongezi Nguvu: Mafunzo Niliyopata Kwenye Magari ya Rali

Kijana akinunua gari la mbio, kitu cha kwanza anachotaka kubadilisha ni plagi. Bei yake haiumi sana, kazi yake haichukui siku nzima, na kuna mtu amemwambia kwamba za iridiamu zinaongeza mbio. Mimi nimehudumia magari ya rali hapa Kenya, hasa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, na kila dereva namwambia neno lile lile: nguvu inatokana na hewa, petroli na wakati wa kupiga cheche. Plagi inatakiwa iwashe bila kukosa, basi, na isigeuke yenyewe kuwa kaa la moto ndani ya silinda.

1. Namba ya plagi ni ya joto, si ya daraja

"Fundi, niwekee namba tisa." Nalisikia ombi hili mara nyingi, kana kwamba tisa ni bora kuliko sita. Chukua plagi ya NGK iliyoandikwa BPR7ES, ambayo tunaitumia sana kwenye injini ya 4G63 ya Evolution. B inaonyesha uzi wa milimita 14, P kwamba ncha ya kauri imechomoza, R kwamba ndani kuna kizuizi cha umeme, E kwamba uzi una urefu wa milimita 19. Ile 7 ndiyo namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapitisha joto kwenda kwenye hedi kwa haraka. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume kabisa: namba ndogo ndiyo baridi. Anayehama kampuni bila kuangalia jedwali anaweza kuweka plagi ya moto akidhani ameweka ya baridi.

Ncha ya plagi inahitaji kufika kama nyuzi 450 za Selsiasi ili iyachome masizi yanayoishikilia. Ikipita 800 na ushee, inaanza kuwasha mchanganyiko kabla cheche haijapigwa, na hapo pistoni haina maisha. Hatua moja ya namba hubadilisha joto la ncha kwa takriban nyuzi 70 hadi 100. Kwa hiyo anayeruka kutoka sita hadi tisa ameipunguzia ncha yake nyuzi 200 hadi 300 kwa mpigo. Wengi wetu tunakwenda kwa kanuni ya hatua moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa juu ya zile za kiwandani. Injini ya tabo iliyotoka na plagi ya sita, ikiongezewa msukumo kidogo, mara nyingi inaridhika na saba.

2. Rali ina mwendo wa pole pia

Vitabu vingi vya injini za mbio vimeandikwa na watu wa viwanjani, ambako gari linatoka likiwa limekanyagwa na linarudi likiwa limekanyagwa. Rali ni safari. Gari linatoka eneo la huduma, linafuata barabara ya kawaida nyuma ya malori, linasimama kwenye kituo cha muda likinguruma palepale, ndipo linaingia kwenye hatua yenyewe ya mashindano na kufunguliwa hadi mwisho. Plagi iliyochaguliwa kwa ajili ya hatua peke yake itakuwa imeshajaa masizi kabla haijaanza.

Naivasha, ambako Safari Rally ilirudishwa kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ina adui mwingine: lile vumbi laini kama unga, linaloitwa feshifeshi, hasa upande wa Kedong. Linapoziba chujio la hewa, injini ya kabureta inabaki na petroli nyingi na hewa kidogo. Plagi zinatoka nyeusi, dereva anadai zilikuwa baridi mno, naye fundi anashika za moto zaidi. Anza na chujio.

3. Pengo hupangwa kwa shinikizo

Hili ndilo linalonipotezea sauti kuliko yote. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba umeme unaohitajika kuruka pengo unategemea mambo mawili yakizidishwa: upana wa pengo na shinikizo la gesi iliyomo. Tabo inajaza silinda, shinikizo linapanda, na koili ile ile iliyoruka milimita 1.1 bila shida kwenye gari la kawaida inashindwa. Dereva anahisi gari linakatakata mwendo ukiwa juu, kama mtu anayelizima na kuliwasha. Likipunguziwa mwendo, linatulia. Dalili hiyo watu huipeleka kwenye pampu ya petroli, kwenye sensa, kwenye kompyuta, na wakati mwingine hela nyingi zinakwisha kabla mtu hajapima pengo.

Injini za tabo tunazozishughulikia hukaa vizuri kati ya milimita 0.7 na 0.8. Lakini usibane ili kuwa salama tu. Pengo jembamba linazaa cheche fupi, mwali wake unaanza ukiwa mdogo, na injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na inatetemeka ikiwa imesimama. Mimi hupunguza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, gari linajaribiwa kwa msukumo kamili, na kukatakata kukiisha naacha hapo hapo. Pengo linalofaa ni lile pana zaidi ambalo koili inaweza kuliruka pale silinda iliposhiba. Na kumbuka kwamba litaongezeka lenyewe kadiri chuma kinavyoliwa.

4. Nairobi si Mombasa

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo huku juu, kwa hiyo inavumilia pengo na namba ambazo pwani zitaibua matatizo. Gari la kabureta lililorekebishwa Nairobi linahitaji kupimwa upya likishuka, kwanza jeti, kisha plagi.

5. Iridiamu inalipa kwa maisha

Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,400 na zaidi, nikeli kwenye 1,455. Ndiyo maana elektrodi ya kati ya iridiamu inaweza kuwa nyembamba kama milimita 0.6 au 0.4, wakati ya nikeli ni 2.5. Ncha nyembamba inahitaji umeme kidogo, na hilo ni faida ya kweli kwenye tabo. Ila inavunjika. Usiingize kile kipimo cha duara kama sarafu na kukilazimisha kati ya elektrodi. Kunja mkono wa pembeni peke yake, yaani elektrodi ya nje, pima kwa fila ya waya. Kwa gari linalobadilishwa plagi kila rali, sioni aibu ya kutumia nikeli ya bei nafuu.

6. Plagi husomwa mara tu mbio zinapokatwa

Dereva akitembea taratibu hadi kwenye hema la huduma, ulichobakiwa nacho ni habari ya kutembea taratibu. Tunamwomba akanyage hadi mwisho, akanyage klachi, azime, asimame. Kwenye mkono wa pembeni kuna mstari pale rangi inapobadilika. Ukiwa katikati ya kona, joto liko sawa. Ukielekea ncha, plagi ni baridi, na ukielekea uzi, ni ya moto au cheche imewahishwa mno. Ile rangi ya kahawia ambayo wazee walitufundisha kuisoma haionekani vizuri siku hizi, kwa sababu petroli haina risasi tena. Lakini vidoa vidogo vinavyometa kama chumvi juu ya kauri havijabadilika maana: ni alumini ya pistoni, injini inagonga, na gari halitoki.

7. Pima kabla ya kufunga

Plagi feki zipo nyingi. Yenye herufi R ikipimwa kwa multimita husoma karibu kilo-ohmu 5. Ikisoma sifuri, haina kizuizi, na itaisumbua kompyuta ya injini. Pete yake ya chini (washa) ikichomoka kwa vidole, nayo irudishe dukani.

8. Kukaza

Hedi ya alumini na uzi wa milimita 14 vinataka Newton mita 25 hadi 30. Bila spana ya kupimia, zungusha kwa mkono hadi washa iguse, kisha ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko kwa plagi mpya. Iliyowahi kufungwa inatosha sehemu moja ya kumi na mbili. Usipake grisi kwenye uzi, maana utakaza kupita kiasi bila kujua. Kwenye Subaru silinda zimelala ubavuni, plagi zinatazama chasi, na injini ikiwa ya moto hakuna nafasi ya kuhisi uzi ukiingia vizuri. Chomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye mkia wa plagi na uzungushe kwa huo. Uzi ukienda kombo mpira utateleza mkononi, lakini spana itaendelea tu kukata alumini.